Mtani Hakuja Mazikoni

Mtendeni, Tabora
5 Agosti 1956

Mume wangu Damas,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana ukimaliza kusoma barua hii utasahau shikamoo.

Mimi mzima. Mguu unauma, lakini bado unanifikisha kanisani na kunirudisha. Anayeandika ni Anselm katekista. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinihubirie mjukuu. Tayari amekunja uso.

Nakuandikia habari ya kuku wako, yule wa wimbo.

Siku nilipousikia wimbo huo mara ya kwanza nilicheka, siwezi kusema uongo mbele ya katekista. Nilikuwa barazani kwa Abasi muuza santuri, kafungulia gramafoni yake mpaka mwisho, nikasikia sauti yako: “Ameondoka na gari la asubuhi, hakukata tikiti, manyoya yake kayaacha mlangoni.” Nilishika ukuta nisianguke. Nikawaambia watu, huyo mjukuu wangu, kichwa hicho nimekinyoa mimi. Nilipogeuka nikamwona jirani yetu Batuli upande wa pili wa barabara, kapu mkononi, amesimama tu.

Kwa sababu wimbo ule ni wa mwanawe. Shaban ndiye aliyeutunga, kwa gitaa lile la nyuzi nne: “Ameondoka na gari la asubuhi, hakuniaga, viatu vyake kaviacha mlangoni.” Wewe umechukua sauti ile ile, umeondoa viatu, umetia manyoya.

Nikasema utapita. Nyimbo zote hupita. Abasi ana ubao mlangoni, kila Jumamosi anaandika kwa chaki santuri tano zilizonunuliwa kupita nyingine. Wa Shaban ulikaa ubaoni majuma matano. Wako una mwaka na miezi miwili. Wengine wanapanda wanashuka, yeye anafuta na kuandika, lakini mstari wa juu hafuti tena. Chaki ya jina lako imeganda pale kama chokaa ya ukuta.

Sasa nikwambie kilichoharibika. Unajua mimi na Batuli tunavyoishi. Baba yake Mzaramo alipanda huku na misafara kutoka pwani, baba yangu alibeba pembe kwenda huko kwao, na tangu njia ile Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Miaka thelathini na moja kila asubuhi amenitukana juu ya ua: “Umeamka, mbeba mizigo? Leo ukikosa mzigo utabeba jiwe?” Nami namjibu: “Na wewe Mzaramo, ngoma haijalia, umeamkia nini?” Hiyo ndiyo chai yetu.

Karibu mwaka alivumilia, lakini tangu mwezi wa Mei hanitukani. Anasema, “Habari za asubuhi, Mama Veneranda.” Anasema taratibu, na kichwa anainamisha. Damas, adabu ile imenikosesha usingizi.

Shaban ameacha kushona barazani. Amehamisha cherehani ndani, kwa sababu kila anayeleta suruali anakuja anapiga mluzi wa kuku wako.

Uache kuuimba. Umwandikie Shaban umtake radhi. Mimi ni mzee, na sitaki kuzikwa na watu wanaonistahi.

Mkeo,
Veneranda binti Lugembe
(kidole gumba chake)


Kariakoo, Dar es Salaam
16 Agosti 1956

Mke wangu mkubwa, Bibi Veneranda,

Shikamoo. Sikusahau.

Barua yako niliwasomea wenzangu wa bendi. Mpiga ngoma alicheka mpaka akadondosha vijiti. Wanauliza kama Bibi anaweza kuja kusema hayo maneno kwenye sahani ya santuri, tutauza kuliko kuku.

Bibi, sina mahali pa kuuzimia wimbo huu. Redioni, kipindi cha salamu, wanaomba kuku kutoka Mwanza, kutoka Tanga, hata askari wa Kigoma. Tulipokwenda Nairobi kutia sauti, waimbaji wakubwa walinicheka: huyu kazi yake kugeuza nyimbo za watu, hana wimbo wake. Leo wako wapi? Nyimbo zao za mapenzi watu walizilia mwezi mmoja wakazichoka. Kuku hawamchoki. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani wimbo wa huzuni unamtaka mtu aketi, na kuku mtu anaondoka naye, anaosha naye vyombo, anasukuma naye mkokoteni. Bwana wa kampuni anataka nigeuze mwingine kabla ya Krismasi.

Na unaniambia nimtake radhi Shaban! Mtani wangu! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtani anacheka hata kilioni, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Tena hapa hakuna kilio. Nilipousikia wimbo wake redioni nilijua mara moja, ni mkewe karudi kwao Ujiji. Walikuwa wanagombana hata kabla sijaondoka, vikombe vikiruka. Mke akiondoka mwanaume anachekwa, siku ya pili anajicheka mwenyewe.

Msimtese fundi wa watu kwa kumwonea huruma. Nitamwandikia Bibi Batuli mimi mwenyewe, nimchokoze kidogo, mtaona atakavyorudi kunitukana.

Msalimie sana Maua wa Shaban. Sasa ana miaka sita au saba, mabegani kwangu hapandi tena. Kila barua namsalimia na kila barua hunijibu kitu. Amenisahau?

Mumeo,
Damas


Mtendeni, Tabora
27 Agosti 1956

Damas,

Usimwandikie Batuli.

Nimemwambia Anselm aandike tena: usimwandikie Batuli. Asiandike kwa upole.

Umenikumbusha niliyokufundisha. Nilikufundisha nusu, au wewe ulichukua nusu. Mtani anacheka kilioni, kweli. Lakini kabla hajacheka ameshika jembe. Yeye ndiye anayechimba kaburi, anachota maji, anapika, anawabembeleza wafiwa ili wale chakula. Kule njiani kwa wazee wetu mtu akianguka na mzigo, Mzaramo anamcheka Mnyamwezi, halafu anauchukua mzigo wake. Cheko lilikuwa malipo ya kazi. Wewe umecheka na mikono mitupu.

Mambo hapa yanazidi. Jumatano nilimpelekea Batuli asali bakulini, asali ya Goweko, nyeusi, anayoipenda. Jana bakuli limerudi limeoshwa, ndani sukari, na neno la shukrani. Shukrani! Zamani angenirudishia bakuli na nzi ndani aseme kula mboga yako.

Na sikia hili. Mtu mmoja wa Usoke alikuja kushonewa koti, akalikuta gitaa ukutani, akamwomba Shaban apige kidogo. Shaban, maskini, akaimba ule wake, wa viatu. Yule mtu akamsikiliza mpaka mwisho akamwambia, “Vizuri, fundi, lakini wimbo huu umeuiba kwa Damas.” Batuli alikuwa chumba cha pili. Amenisimulia mwenyewe, kwa adabu, kana kwamba ananipa habari za bei ya mchele.

Kwa hiyo acha. Mwambie bwana wa kampuni umeugua koo. Mwambie bibi yako amefariki, nakupa ruhusa.

Salamu zako zimefika. Anselm alitaka kuongeza kitu hapa, nimemwambia aweke kalamu chini.

Veneranda
(kidole gumba chake)


Kariakoo, Dar es Salaam
28 Agosti 1956

Kwa Bibi Batuli, Mzaramo aliyepotea njia ya kwao akaishia Tabora,

Shikamoo, ingawa kumwamkia Mzaramo ni kuharibu shikamoo.

Nasikia siku hizi una adabu. Mke wangu Veneranda ameniandikia kwa uchungu, anasema umekuwa mtu mstaarabu, nikasikitika sana. Umeugua? Au jamaa zako wa huku wamekuletea habari kwamba nimewanyang'anya ngoma zao zote, sasa wamebaki na mashamba, na kulima hawajui?

Kama umeninunia kwa sababu ya kuku, taja faini. Mtani hanuni, anatoza.

Nakuletea sahani yenyewe usikilize nyumbani, usisimame barabarani kwa Abasi kama mdaiwa. Na ndani ya kifurushi kuna utepe mwekundu, ni wa Maua. Mwambie kuku yule ni wake yeye. Kila nilipompeleka stesheni kutazama magari ya moshi alikuwa ananiuliza, “Damas, na kuku hupanda? Na kuku hukata tikiti?” Nilipokaa kuugeuza wimbo wa baba yake, hilo ndilo lililonijia kichwani. Mwambie nikija likizo namletea kuku mzima, na tikiti yake shingoni.

Mtani wako asiyejuta,
Damas


Mtendeni, Tabora
7 Septemba 1956, Ijumaa

Damas,

Sina salamu. Hakuna wakati.

Shaban yumo ndani ya gari la leo. Barua hii pia imo humo humo. Yeye daraja la tatu, barua behewa la posta. Akishuka anakuja kwako moja kwa moja, na barua italala posta mpaka Jumatatu. Anselm amekimbilia kupiga simu ya maandishi, wamemwambia waya umekatika. Kwa hiyo nakwambia neno ambalo najua litachelewa, na kuchelewa kwake ni kosa langu tangu mwanzo.

Kifurushi chako kilifika jana. Batuli alisomewa barua yako na Shaban. Mimi nilikuwa uani kwangu naanika mtama. Nilisikia akisoma, nikasikia amefika kwenye utepe, halafu akakatisha hapo hapo. Batuli hakulia. Leo asubuhi Shaban ametoka na kanzu safi, hakuchukua mfuko. Nimechungulia dirishani kwake. Mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa haupo mezani.

Damas, Maua amekufa.

Alikufa Januari mwaka wa hamsini na nne, siku ya kumi baada ya wewe kuondoka. Surua. Alikuwa na miaka minne na nusu. Wimbo wa Shaban si wa mkewe. Mkewe aliondoka baadaye, kwa sababu nyumba ile haikukalika. Wimbo ni wa mtoto. Viatu ni vyake vya Idi, mpaka leo viko pale mlangoni, Batuli anafagia kando yake.

Nilikuficha. Ulikuwa umengoja kazi ile ya bandarini miaka miwili. Ulikuwa na juma moja tu kazini, na mimi nilikujua: ukisikia Maua amekufa utapanda gari lile lile kurudi, kwa sababu wewe ndiye mtani wa kuchimba, wewe ndiye uliyembeba, na ukirudi kazi imekwenda. Baba yako nimemzika, mama yako nimemzika, nikabaki na wewe na kazi yako. Nikachagua kazi.

Siku ya maziko Batuli aliniuliza, “Damas yuko wapi?” Nikamwambia nimekupigia simu ya maandishi na bwana wako amekukatalia ruhusa. Hakukuwa na simu. Kaburi lilichimbwa na watu wa mtaa, hakuna mtani aliyesimama pale.

Kwa hiyo Batuli anajua kwamba wewe unajua. Miaka miwili na nusu anajua hivyo. Anajua ulikosa maziko ya mtoto, halafu ukamwimbia kuku juu ya kaburi lake, halafu sasa umemtumia marehemu utepe. Ningekuwa yeye ningeutuma mkasi mimi mwenyewe.

Nimekugombeza barua mbili kama hakimu. Nilitaka kosa lako liwe kubwa ili langu lisionekane. Anselm amekuwa akiniambia tangu salamu yako ya kwanza kwa mtoto, nami nikamwambia akae kwenye katekisimu yake.

Ondoka hapo unapokaa, kalale kwa mwenzako. Au usiondoke, sijui. Mungu alitangulie gari hili.

Veneranda
(kidole gumba chake)


Kariakoo, Dar es Salaam
11 Septemba 1956

Bibi,

Barua yako nimeipata jana mchana. Shaban nilimpata juzi Jumapili.

Tulikuwa na dansi la saa kumi. Ukumbi ulijaa, watu walikuwa wanadai kuku kwa mara ya tatu, tukaanza. Nikamwona amesimama karibu na mlango, na kanzu, mkono mmoja ndani ya koti. Nilifurahi. Ujue hilo, nilifurahi sana. Niliruka chini na gitaa mgongoni nikamkumbatia, nikawaambia watu kwa kelele, “Huyu hapa ndiye mwenye wimbo! Mtani wangu kutoka Tabora!” Watu wakapiga makofi. Nikamwuliza sikioni, “Maua ameupata utepe?”

Alinitazama. Wenzangu walikuwa bado wanapiga. Akasema, “Hujui.” Hakuuliza, alisema tu. “Damas, wewe hujui.”

Halafu akaniambia, lakini ngoma ilikuwa juu, sikusikia. Nikamwambia nini? Akaniambia tena, sikusikia tena. Mara ya tatu alipiga kelele: “Amekufa! Maua amekufa!” Na wakati ule ule bendi ilikuwa imefika mwisho wa ubeti, kumenyamaza. Ukumbi mzima ulisikia.

Bibi, walicheka. Walidhani ni sehemu ya wimbo. Walidhani kuku amekufa. Walicheka na kupiga miguu chini wakataka aseme tena.

Shaban alitoa mkono ndani ya koti. Ndiyo, ulikuwa mkasi. Aliuweka juu ya kiti, akaketi karibu nao kama mtu aliyefika kwa miguu. Tuliketi hivyo wawili. Sikumbuki nilisema nini. Jioni nilimsindikiza stesheni. Nilitaka kumkatia tikiti, akakataa. Mkasi aliusahau, ninao hapa.

Nimeacha kuimba kuku. Nilikwenda kwa bwana wa kampuni nikamwambia zivunjwe sahani zote. Akanionyesha barua za maduka, Mombasa, Kampala, wanataka nyingine mia tatu. Akaniambia kwa wema kabisa, “Damas, pumzika. Sahani haikuhitaji wewe tena.” Leo asubuhi nimepita Msimbazi, nimewasikia wachukuzi watatu wakiimba huku wakibeba magunia. Mimi nitanyamaza na kuku ataendelea.

Nawe umeniacha nimsalimie maiti miaka miwili na nusu. Kila barua. Ukasomewa, ukanyamaza. Ungeniambia ningelia siku moja kama watu wengine, ningelia mahali panapostahili, na wimbo huu usingezaliwa.

Kazi uliyoniokolea bandarini niliiacha mwaka jana, kwa ajili ya kuku.

Sirudi Tabora. Na usiniite mume.

Damas


Mtendeni, Tabora
20 Septemba 1956

Mjukuu wangu Damas,

Sikukuita mume.

Anselm alinisomea barua yako mara moja, nikamwambia arudie, akakataa. Amesema macho yanamsumbua.

Shaban amefika salama. Sikungoja yeye aniseme. Jumanne, kabla gari lake halijaingia, nilikuwa nimekwishakwenda kwa Batuli. Sikupitia uani. Nilizunguka mpaka mlango wa mbele, nikabisha hodi kama mgeni, nikavua viatu vyangu nikaviweka mbali na vile vya mtoto.

Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha. Sikusingizia mguu wangu unaouma, sikusingizia uzee, sikusingizia baba yako na mama yako. Nilisema: Damas hajui, hakujua kamwe, mimi ndiye.

Akauliza, “Na simu?”

Nikasema, “Hakukuwa na simu.”

Akauliza, “Siku ile uliponiambia, ulikuwa unanitazama usoni?”

Nikasema, “Nilikutazama.”

Akaendelea kuchambua mchele. Aliokota kijiwe, akaokota kingine. Akasema, “Toka, mwongo.” Mimi nimeitwa na Batuli mwizi, mchawi, punda wa Mwarabu, mla panya, na yote nilicheka. Hili hakulisema kwa utani. Nilitoka.

Sasa ni siku ya tisa, au ya kumi. Nashinda uani. Najifanya nafagia, pamefagiwa mpaka udongo umekwisha. Asubuhi anatoka, anachota maji yake, anaingia. Ile habari za asubuhi haipo tena, na tusi halipo. Nilikuwa nalalamikia adabu, sasa ningeipokea kwa mikono miwili.

Nilikwenda kwa Abasi kumwomba akufute ubaoni. Akasema, “Bibi, chaki nitafuta, lakini wakija kuuliza nitawaambia nini?” Nikamwambia awaambie amekufa huyo kuku. Akacheka yeye pia. Nikaona nirudi nyumbani.

Sikuombi unisamehe. Ulichosema ni kweli chote, na ile ya bandarini ilinipiga kuliko mkasi. Nilidhani nimekuhifadhia kitu, kumbe nilikunyima. Nimeuza kilio chako kwa kazi ya kubeba magunia, na magunia yenyewe hukuyataka.

Nakuomba jambo moja tu. Jana Shaban alikuja kwa Anselm kuomba karatasi na bahasha. Hakusema za nini. Kama ni barua ya mama yake, na ikija kwako, hata kama ni ya laana, isome mpaka mwisho. Usiitupe kwa sababu yangu.

Bibi yako,
Veneranda
(kidole gumba chake)


Mtendeni, Tabora
23 Septemba 1956

Kwa Damas wa Veneranda,

Anayeandika ni Shaban. Mimi nasema, yeye anaandika. Tumekubaliana asiniongezee wala asinipunguzie.

Bibi yako alikuja. Nimemfukuza. Namsikia anafagia, ananifagilia masikio mchana kutwa. Habari yake ni yangu mimi na yeye, nitaimaliza nikitaka, na bado sijataka. Wewe haikuhusu.

Yako ni hii. Ulisema kwenye barua yako nitaje faini. Nilikuwa nimekwishaitaja moyoni, na Shaban aliibeba kwenye koti. Namshukuru Mungu ilirudi bila kulipwa. Sasa nataja nyingine.

Alipokufa baba yangu, Veneranda alichimba kaburi na wenzake Wanyamwezi, halafu akaingia ndani akavaa kofia ya baba na koti lake, akachukua bakora yake, akatoka uani anatembea kama yeye. Akakohoa kama yeye. Akaketi kwenye kiti chake akaniuliza uji wangu uko wapi, Batuli, au mpaka nife. Nilikuwa nimelia siku mbili, nikacheka mpaka nikaanguka. Si kwa kuchekesha kwake. Ni kwa sababu nilimwona baba. Watu wa mbali wanadhani mtani anadhihaki maiti. Anamrudisha mara moja, tumwone, aende.

Mjukuu wangu Maua hakurudishwa. Hakuwepo wa kumrudisha. Watu walizika, walikula, waliondoka.

Nikwambie kitu, na Shaban ameweka kalamu chini kidogo, ameichukua tena. Shaban akimkumbuka anakumbuka homa. Mimi nakumbuka macho yalivyojaa usaha, na kitambaa nilichokuwa nachovya, na sanda, ilikuwa fupi mno, hata dukani walishangaa. Tukitaka kumwona mzima tunashindwa. Tumejaribu. Mama mzima nakaa hapa najiuliza, alikuwa anatanguliza mguu upi akikimbia? Sauti yake akinidanganya ilikuwaje? Yamefutika. Ugonjwa umekaa mbele.

Nilipokwisha kumfukuza bibi yako, niliichukua tena barua yako ya utepe, nikamwambia Shaban anisomee pale kwenye kuku. Na kuku hupanda? Na kuku hukata tikiti? Shaban alisoma, na ilikuwa sauti yake. Yule mtoto! Ilikuwa hivyo hivyo alivyokuwa akiuliza, mara mbili mbili.

Ndipo nikajua. Wewe hukumwona akiumwa. Wewe ulimwacha juu ya mabega yako, ukafichwa kifo chake, na kwako hakufa mpaka juzi. Tanganyika nzima huyo mtoto amebaki mzima mahali pamoja tu, kichwani mwako.

Basi faini yangu ndiyo hiyo. Upande gari uje. Sitaki wimbo, wa Shaban wala wa kuku. Ingia hapa uani kwangu, mchana, watu wawepo, utembee kama yeye. Uniulize alivyokuwa ananiuliza. Uniibie karanga alivyokuwa ananiibia. Usiogope kuchekesha.

Nataka kumwona.

Batuli binti Mabruki